"Kaa nao tu, tunazo nyingi": nakabidhiwa nyumba mpya Ijumaa, nibadilishe vitasa?

Mama Pacha

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijagombana na mume wangu.

Ijumaa tunakabidhiwa nyumba. Ni mpya kabisa, hakuna aliyewahi kulala ndani. Iko kwenye safu ya nyumba 14 zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, yetu ni ya tisa. Wiki iliyopita niliomba kuingia nikapime madirisha kwa ajili ya mapazia. Kijana wa ofisi ya mauzo akavuta droo, akapekuapekua, akanipa ufunguo wa mlango wa mbele. Nilipomaliza nikamrudishia, akausukuma mkono wangu: "Kaa nao tu mama, tunazo nyingi."

Alisema kwa wema, simlaumu. Ila nilipofika nyumbani nikauangalia ule ufunguo vizuri chini ya taa. Katikati ya meno kuna rangi imekaukia, krimu, ileile ya ukuta wa sebuleni. Maana yake fundi rangi aliushika. Na kabla ya fundi rangi, nani? Hizo "nyingi" ni ngapi, na usiku wa leo zimelala mifukoni mwa nani?

Mume wangu anasema nimeanza vituko. Vitasa bado vina plastiki ya kiwandani, nani anatupa kitu kipya? Lakini yeye husafiri wiki nzima nzima, na mimi nafanya zamu za usiku. Wanaobaki ndani ni mapacha wa miaka minane na mdogo wangu wa kike.

Milango ni minne: wa mbele, wa jikoni unaotokea nyuma, wa kioo wa kuteleza, na gereji ya rimoti. Nibadilishe kitasa chote au kuna njia nyingine? Siku ya makabidhiano nimdai nini mkandarasi? Au kweli ni vituko vyangu?

Bin Mashaka

Dada, mwizi akiamua kuingia anaingia tu, hata uweke mlango wa benki. Mimi nina mwaka wa pili kwenye nyumba mpya, vitasa ni vilevile vya mkandarasi, na nalala fofofo. Hangaika na mapazia kwanza.

Yalinikuta

Bin Mashaka, endelea kulala, na uombe yasikukute.

Nilihamia nyumba mpya nikiwa na mawazo kama ya mume wa Mama Pacha. Mwezi wa tatu tukasafiri siku mbili. Tuliporudi mlango umefungwa vizuri, tena umezungushwa mara mbili kama tulivyouacha. Ndani televisheni hakuna, kompyuta mpakato mbili hakuna, na kisanduku cha vito cha mke wangu kiko juu ya kitanda, kitupu, kimefunikwa kwa adabu. Hakuna kioo kilichopasuka, hakuna mkwaruzo kwenye fremu. Mtu alifungua, akachukua, akafunga, akaenda zake.

Kilichonimaliza ni bima. Mkaguzi wao alizunguka nyumba mara mbili, akainama kwenye kila kitasa na tochi yake ndogo, halafu akaniuliza, "Alama ya kuvunja iko wapi?" Sina. Mkataba wangu, ambao niliusaini bila kuusoma, uliandika kwamba wizi unalipwa pale tu panapoonekana pameingiwa kwa nguvu. Polisi nao wakaanza kumhoji shemeji yangu aliyekuwa akiishi nasi, kwa kuwa ndiye mtu mwingine tuliyempa ufunguo. Alihojiwa mchana kutwa. Hakutusema vibaya, lakini alihama mwezi uleule, na mpaka leo akija anakaa kitako nusu, kama mgeni.

Badilisha mama. Siku hiyohiyo, kabla godoro halijashuka kwenye gari.

Fundi Silinda

Dada Mama Pacha, hayo si vituko. Kazi yangu ni vitasa, mwaka wa 19 sasa, na funguo zenye rangi ya ukuta kwenye meno nimeshazishika hadi nimezoea.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo watu hupoteza hela. Kitasa ni lile kasha la chuma lililozama ubavuni mwa mlango, lenye ulimi unaoingia kwenye fremu. Silinda ni kipande kidogo kilichopita katikati ya kasha, pale unapochomeka ufunguo. Ufunguo unajuana na silinda tu, kasha haulijui. Kwa hiyo hutupi kitasa. Unachomoa silinda, unaingiza nyingine, dakika kumi kwa mlango, na plastiki ya shemeji, yaani mumeo, inabaki palepale.

Ndani ya silinda kuna vipini vidogo, mara nyingi vitano au sita, kila kimoja kimekatwa vipande viwili na kinakandamizwa na springi. Ufunguo ukiingia, meno yanavinyanyua mpaka mikato yote ikae mstari mmoja, ndipo silinda inakubali kuzunguka. Mtindo huu tulionao aliutengeneza Mmarekani Linus Yale, miaka ya 1860, ingawa wazo la vipini lilikuwemo tayari kwenye makomeo ya mbao ya Misri ya kale. Sasa, mkandarasi mwenye nyumba 14 hataki kutembea na shada la funguo kama askari jela, na ni muhimu ujue yeye amejirahisishia vipi.

Wapo wanaofunga silinda za muda, zote za ufunguo mmoja, kisha siku ya kukabidhi wanazing'oa na kuweka za kwako. Safi kabisa, kama kweli wamezing'oa. Nimeshakuta mtaa mzima ambao hawakuzing'oa.

Wapo wanaotumia ufunguo mkuu, ule ambao mtaani tunauita malaya, mnisamehe. Kila nyumba ina ufunguo wake, lakini upo mmoja unaofungua zote. Ili hilo liwezekane, baadhi ya vipini hukatwa mara mbili, na kila mkato wa ziada unaongeza umbo jingine la ufunguo linaloweza kuizungusha silinda yako. Wasiwasi si kwa mwenye malaya peke yake. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani Matt Blaze alionyesha kwamba mtu mwenye ufunguo halali wa mlango mmoja tu katika mfumo wa namna hii anaweza, kwa funguo ghafi chache (ambazo hazijachongwa meno) na subira, kuutafuta ule mkuu bila kubomoa chochote. Yaani hata jirani wa nyumba ya tano.

Na zipo silinda za ujenzi, ambazo mimi nazipenda. Kiwandani hutia vigololi vidogo vya chuma juu ya kipini kimojawapo. Vikiwa mle, ufunguo wa mafundi unafanya kazi bila shida. Siku unapofungua bahasha yenye funguo zako, ukachomeka na kuzungusha, jino lako linavinyanyua vile vigololi zaidi kidogo, na silinda inapozunguka vinadondokea kwenye kishimo kilichochimbwa pembeni. Havitoki tena. Kuanzia hapo ufunguo wa mafundi unaingia lakini hauzunguki.

Kwa hiyo Ijumaa swali la kwanza ni: silinda hizi ni za aina gani? Na usipokee jibu la mdomo. Zungusha ufunguo wako mpaka mwisho, mara mbili tatu, kisha mwombe ufunguo wa mafundi uujaribu mbele yake. Huo wenye rangi unao tayari, anza nao. Ukizunguka, hamna la kujadili, silinda inatoka.

Bin Mashaka, kuhusu mlango wa benki. Mwaka 1790 karakana ya Joseph Bramah kule London iliweka kufuli dirishani pamoja na ahadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya enzi hizo, kwa atakayeifungua bila ufunguo. Ikakaa pale zaidi ya miaka 60, mpaka 1851 akaja Mmarekani Alfred Hobbs na vyombo vyake. Aliifungua, ndiyo. Saa 51 za kazi, ndani ya siku 16. Mwizi wa televisheni hana siku 16, anautafuta ufunguo wa kwenye droo.

Nyapara Mstaafu

Nimesoma nikacheka peke yangu. Ngoja niwaeleze hiyo "tunazo nyingi" inavyozaliwa, maana nimeizalisha mwenyewe.

Ofisini kwetu saiti palikuwa na ubao wa plaiwudi wenye misumari, na chini ya kila msumari namba ya nyumba kwa penseli ya seremala. Asubuhi fundi bomba anachukua namba tisa, saa nne anamwachia fundi vigae, fundi vigae anamtuma kibarua akachukue gundi, kibarua anaondoka nao mfukoni. Jioni nahesabu, misumari mitatu mitupu. Kesho kazi haiwezi kusimama kwa sababu ya ufunguo, nampeleka mtu akachonge nyingine tatu. Kesho kutwa zile zilizopotea zinarudi, moja imo kwenye ndoo ya plasta, nyingine kwenye koti. Sasa ninazo sita. Fanya hivyo miezi minane. Hakuna mwizi hata mmoja katika hadithi yangu, na bado nisingeweza kukuapia ni funguo ngapi za namba tisa zilizopo duniani.

Pale nilipoona madhara ni baada ya watu kuhamia. Kibarua wa zamani anabaki na ufunguo miaka miwili bila nia yoyote, kisha siku moja maisha yanambana.

Nimkosoe kidogo Yalinikuta na wengine wenye haraka: usibadilishe kitu kabla hujasaini, mama. Mpaka saini ipite, nyumba iko mikononi mwa mkandarasi. Ukibadilisha silinda Alhamisi na Ijumaa mkaguzi akashindwa kuingia, utaonekana mkorofi na lolote likiharibika utabebeshwa. Saini kwanza, fundi wako awe amekaa nje kwenye gari. Na uliza kama kuna mlango wa kuzuia moto, mara nyingi ni ule unaounganisha gereji na nyumba. Huo una vifaa vilivyopimwa pamoja nao, usichokonoe bila kuuliza.

Halafu kile cheti cha makabidhiano. Utaona kimeandikwa "funguo zimepokelewa", na nafasi ya saini. Usisaini hivyo. Andika kwa mkono wako: mlango wa mbele 3, wa jikoni 3, wa kuteleza 2, madirisha kadhaa, rimoti 2, sanduku la barua, vyovyote itakavyokuwa. Kila ufunguo uchomekwe kwenye mlango wake na uzunguke kabla ya kuandikwa. Kisha ongeza sentensi moja: mkandarasi anathibitisha kwamba hakubaki na nakala. Tazama uso wake anapoisoma hiyo. Mara nyingine ghafla anakumbuka kuna bahasha ofisini.

La mwisho, baada ya kuhamia watakuja mafundi kurekebisha kasoro: mlango unaokwaruza, vigae vilivyoinuka. Watakuomba uwaachie ufunguo "kwa siku moja tu". Uwepo wewe au mdogo wako. La sivyo tunarudi kwenye ule ubao wa misumari.

Mama Pacha

Mungu awabariki. Mume wangu amesoma ya Yalinikuta mara mbili, akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, lakini tuweke kile cha kufungua kwa simu." Kwa hiyo sasa nina tatizo jingine.

Fundi, nimekwenda kuangalia silinda nikachanganyikiwa, ziko fupi, ndefu, zenye kitufe upande mmoja, zenye kadi. Nimepiga picha ya huu ufunguo wa kwetu ili muone ni aina gani, na nyingine ya tundu lake. [picha mbili]

Fundi Silinda

Kabla ya yote, futa picha ya ufunguo. Sasa hivi, nitasubiri.

Meno ya ufunguo ni namba tu. Kila jino lina kina chake, na vina vyenyewe ni vichache vinavyojulikana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza programu inayosoma meno kutoka kwenye picha, wakafanikiwa hata kwa picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka juu ya paa. Na hiyo ni programu. Mchonga funguo mzoefu anatumia macho tu. Watu wakikabidhiwa nyumba husimama mlangoni wamenyanyua funguo kama kombe, wanarusha mtandaoni, na namba ya nyumba inaonekana nyuma yao. Ijumaa piga picha na familia, funguo ziwe mfukoni. Vilevile angalia namba iliyogongwa kwenye kichwa cha ufunguo au kwenye kile kibati kinachokuja nazo. Kwa funguo nyingi namba hiyo ndiyo mchoro wenyewe, anayeijua hahitaji kuona ufunguo.

Sasa vipimo. Picha ya tundu inaonyesha silinda ya umbo kama tundu la ufunguo wa katuni, duara juu na mkia chini. Hizo ni rahisi. Fungua mlango, tazama ubavuni usawa wa tundu, utaona skrubu moja ndefu imeingia kwenye kasha. Itoe. Chomeka ufunguo, uzungushe kidogo sana, kama mshale wa saa unaotoka saa sita kamili kwenda na nusu, huku unaivuta silinda kwako. Katikati yake kuna kidole kidogo cha chuma kinachosukuma ulimi. Kidole kikilala sawa na mwili, silinda inateleza inatoka. Ukivuta kwa nguvu bila kuzungusha utahangaika mpaka jioni.

Ukishaitoa, pima kutoka katikati ya lile tundu la skrubu kwenda kila upande. Utapata mfano milimita 35 na 45. Usimwambie muuzaji "nataka ya 80", maana 40 kwa 40 nayo ni 80, na ukiifunga upande mmoja utachomoza kama pua. Nje isichomoze zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye bamba. Inayochomoza inashikwa kwa koleo inavunjwa, nayo hukatika palepale kwenye tundu la skrubu kwa kuwa ndipo penye nyama kidogo. Tafuta ile iliyokatwa makusudi karibu na ncha ya nje: wakiikwanyua inapoteza ncha tu, mwili unabaki na mlango unabaki umefungwa.

Yenye kadi chukua. Nakala zake hazichongwi hovyo, muuzaji anataka kuiona kadi. Pakiti iwe imefungwa, uifungue wewe. Na kadi usiiweke droo moja na funguo za akiba. Mteja wangu mmoja aliifunga kwa mpira pamoja na funguo, vikapotea vyote kwa mpigo.

Kitufe, yaani kile kishikio unachozungusha kwa vidole bila ufunguo: kwa mlango wa mbele, ambao watoto watalala nyuma yake, ndiyo, weka kitufe upande wa ndani. Moto ukizuka usiku wa zamu yako, mdogo wako asitafute ufunguo gizani na watoto wawili mkononi. Kasoro yake ni pale penye kioo karibu na kitasa, mtu akivunja kioo anapenyeza mkono anazungusha. Kama mlango wa jikoni una kioo, huko weka ya ufunguo pande zote mbili, ufunguo wa ndani ning'iniza mahali ambapo mkono kutoka dirishani haufiki lakini mapacha wanapajua. Wafundishe. Wazimie taa wakiwa wanajaribu, utashangaa wanavyopenda. Na hakikisha ni ile inayofunguka kutoka nje hata kama kuna ufunguo umesahaulika ndani. Zipo zisizokubali, nami huitwa usiku kwa sababu yake.

Kitasa cha simu: sina ugomvi nacho, ila kingi kati ya hivyo bado kina silinda ya kawaida chini yake kwa dharura, kwa hiyo kila nililoandika hapo juu linabaki. Kikiwa kimefungwa tayari na mkandarasi, usikubali kupewa nywila tu. Kirudishwe hali ya kiwandani mbele yako, kisha akaunti kuu ifunguliwe kwenye simu yako, siyo yeye "akuongeze". Anayekuongeza anaweza kukupunguza. Rimoti za gereji vilevile: mashine nyingi zina kitufe cha kujifunza, ukikishikilia mpaka taa izimike inasahau rimoti zote, halafu unazifundisha upya zako mbili. Mlango wa kuteleza una kitasa dhaifu kwa asili. Kata kipande cha mbao kinachojaa kwenye reli ya chini, kilaze usiku. Hauhitaji zaidi ya hapo kwa leo.

Nilitaka kusahau, kagua bamba la kwenye fremu ambalo ulimi unaingia. Toa skrubu moja uitazame. Nyumba nyingi mpya utakuta ya milimita 20 hivi, imeshika ubao wa fremu tu. Weka za 75 zifike ukutani. Silinda ya bei mbaya kwenye fremu ya skrubu fupi inaondoka kwa teke moja.

Na jaribu kila silinda mpya mlango ukiwa WAZI. Ufunge na kufungua ulimi ukiwa hewani, mara kumi. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga silinda ya mteja, nikausukuma mlango kwa majivuno, tukabaki nje mimi na yeye, chombo changu chote kiko ndani.

Bin Mashaka

Wakuu, kuna jambo.

Jana jioni baada ya kusoma hii mada nilirudi nyumbani nikamkuta jirani yangu wa mkono wa kulia yuko kibarazani. Tukataniana, nikamweleza habari za malaya. Akasema, "Hebu jaribu wako kwangu." Nikachomeka nikicheka. Ukazunguka. Mlango ukafunguka, mke wake yuko sebuleni na kanga, ananitazama.

Tukaenda kwangu na ufunguo wake. Nao ukafungua.

Mwaka na miezi mitano. Fundi, naomba tuwasiliane pembeni.

Yalinikuta

😂😂 Sikucheki kwa ubaya mkuu. Nacheka kwa uchungu.

Nyapara Mstaafu

Hizo ni za muda ambazo hakuna aliyezing'oa. Mwambieni na jirani wa kushoto.

Mama Pacha

Leo ni Ijumaa usiku, naandika nimekaa juu ya boksi.

Tulifika saa tatu. Kijana wa mauzo alikuwa na bahasha moja, imefunguliwa tayari. Nikamuuliza silinda ni za aina gani, akasema "ni imara sana mama." Nikatoa ule wenye rangi, nikazungusha ufunguo wa bahasha mara tatu, kisha nikajaribu wa rangi. Ukazunguka laini kama umepakwa mafuta. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, alikwenda kwenye gari kumwita fundi.

Kwenye cheti niliandika idadi kama mzee Nyapara alivyosema. Mbele 3, lakini mmoja uligoma kuzunguka, nikaandika 2. Jikoni 3. Kuteleza 2. Nilipoongeza ile sentensi ya "hakubaki na nakala", kijana akaisoma, akaisoma tena, akaomba dakika tano. Alirudi na funguo saba kwenye mfuko wa plastiki. Saba! Moja imefungwa uzi mwekundu, nyingine ina mkanda wa karatasi ulioandikwa "VIGAE". Akasaini. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, wino ukasambaa kidogo.

Silinda tatu zimebadilishwa, 35 kwa 45 mbele, 30 kwa 40 jikoni, na mlango wa gereji unaoingia ndani hatukuugusa kwanza, wataleta jibu Jumatatu kuhusu ile habari ya moto. Silinda ya tatu ilikuwa ya kijimlango cha stoo ambacho sikukitaja kwa sababu sikujua kama kipo, kiko nyuma ya ngazi na kinatokea nje! Skrubu za fremu zilikuwa fupi kama kucha. Gereji imesahau rimoti zote na kukumbuka zetu mbili. Mapacha wameshafungua mlango wa mbele gizani mara sita, mmoja ananidai zawadi.

Kuna kitu kimoja tu. Kwenye bahasha kulikuwa na kiufunguo kidogo, chembamba, hakina meno, ncha yake ni kama pembetatu. Nimezunguka nacho nyumba nzima, hakiingii popote. Kijana wa mauzo naye hakijui. Ni cha nini?

Nyapara Mstaafu

Toka nje, upande wa gereji, usawa wa kiuno. Kisanduku cha mita.

Mama Pacha

Kimeingia. Ndani kuna penseli ya seremala na ufunguo mwingine wa mlango wa mbele.